Anaonekana akitaka, haonekani akitakiwa: barua ya wazi kwa wanaosimamia matunzo ya watoto Zanzibar

Kwenu Waheshimiwa,
mnaosimamia mahakama za Kadhi, mnaosimamia ustawi wa jamii na mambo ya watoto, na nyinyi mliotumwa na wananchi kwenda Baraza la Wawakilishi kutunga sheria,
Zanzibar.

YAH: MATUNZO YA WATOTO YASIYOLIPWA NA BABA ASIEPATIKANA

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Baada ya salamu, mie ni mama wa watoto wawili, nipo Pemba. Jina langu silitaji hapa, si kwa kuwa naogopa maana wenye faili langu wananijua vizuri sana, ila wanangu wanasoma na sitaki wenzao wakawacheke skuli kwa jambo ambalo si kosa lao. Na ofisi nilizopita pia sizitaji. Kuna niliposaidiwa kwa moyo mpaka nikalia, na kuna nilipokosa hata pa kukaa, na ninaloliandika ni kubwa kuliko ofisi moja au mtu mmoja.

Kabla ya kuja huku hadharani nshagonga kila mlango. Wazee wa pande zote mbili, sheha anaesimamia mtaa wetu, ustawi, mahakama, wasaidizi wa sheria. Nimeandika barua mbili kwa mkono wangu na nakala ninazo, ya kwanza haikujibiwa, ya pili nikaambiwa faili linatafutwa. Kwahiyo mkiona nakuandikieni mbele ya watu msinione sina adabu, adabu nilianza nayo miaka mitatu nyuma.

Kwa ufupi ilikuwa hivi. Mwezi wa tatu 2022 niliandikiwa talaka kwa meseji ya simu. Sikubishana nayo, ikathibitishwa, nikakaa eda yangu nikamaliza. Wa kiume alikuwa anakaribia miaka sita, wa kike mwaka na nusu, bado ananyonya. Baba yao akavuka kwenda Unguja akapata kazi kwenye hoteli za pwani ya mashariki. Mwanzo alikuwa akituma, ishirini, baadae kumi, baadae ikawa "ntatuma Ijumaa" na hiyo Ijumaa hasemi ya mwezi gani. Nikavumilia karibu mwaka, watu wakinambia mpe muda bado hajatulia. Mwezi wa pili 2023 nikafungua kesi ya matunzo.

Mie nalima mwani. Asieujua mwani nimwambie kidogo, tunafunga vipande kwenye kamba wakati wa bamvua, siku maji ya bahari yanapotoka mbali, tunangoja mwezi na nusu hivi, tunavuna, tunaanika, na ukikauka ule mzigo uliokuvunja mgongo kuubeba unakuwa mwepesi mpaka unajiuliza umepungukia wapi, maana kilo moja kavu inataka kilo saba nane mbichi. Bei yake mnaijua. Msimu wa karafuu ukija nakwenda kuchambua na hapo kidogo napumua. Nayaeleza haya si kwa kutaka huruma. Nayaeleza kwa sababu bamvua haighairishwi, tarehe ya mahakama ikiangukia bamvua basi nachagua, shamba au kesi, na mara zote nilichagua kesi, na mara nyingi nilifika nikakuta kesi ndio iliyoghairishwa.

Sasa naomba niyaweke malalamiko yangu kwa nambari ili mtakaenijibu mnijibu kwa nambari.

1. KUCHELEWA KWA KESI KUNAMLIPA ASIELIPA

Nina daftari. Kila nilipokwenda niliandika, na naomba nikunakilieni kama lilivyo:

14/3/2023, mdaiwa hakufika.
2/5/2023, wito haujarudi.
20/6/2023, mdaiwa hakufika, kasema kwa simu yuko kazini.
15/8/2023, muheshimiwa yuko semina.
10/10/2023, mdaiwa kafika. Kaomba muda.

Na kurasa zinaendelea hivyo mpaka mwezi wa nne 2024, hukumu ikatoka, shilingi elfu sitini kwa mwezi kwa watoto wawili. Miezi kumi na minne tokea nifungue. Nikauliza, na hii miezi kumi na minne jee? Nikajibiwa kwa upole kabisa kuwa katika madhhab yetu ya Shafii nafaqa, yani matunzo, ya mke ikipita inabaki kuwa deni, lakini nafaqa ya mtoto ikipita kabla ya kadhi kuikata haiwi deni, imeondoka na siku zake. Nikaenda kuuliza kwa masheikh wengine wawili, mmoja alinisomesha mwenyewe chuo cha Kurani nilipokuwa mdogo, wote wakanambia ni hivyo hivyo.

Mie sibishani na fiqhi, mie nani. Lakini hesabu najua. Kumi na nne mara elfu sitini ni laki nane na elfu arubaini. Ikiwa haki ya mtoto inaanza kuhesabika siku kadhi anapotamka, basi kila tarehe mnayoisogeza mbele ni pesa inatoka mfukoni kwa mtoto inaingia mfukoni kwa baba. Semina ile ya mwezi wa nane, Mwenyezi Mungu aijaalie ilikuwa na manufaa, mie na wanangu ndio tuliyoilipia. Na mwanamme mjanja akishalijua hili hana haja ya wakili wala hana haja ya kubisha, kazi yake ni moja tu, asifike.

Na kilichoniuma zaidi ni kuwa fiqhi hiyo hiyo ina mlango na hakuna alienionesha. Yule sheikh wangu wa chuo ndie alienambia, kadhi anaweza kukata kiwango cha muda tokea siku ya mwanzo, na anaweza kumpa mama idhini ya kukopa kwa ajili ya mtoto na deni lile likawa la baba. Yani mchele niliochukua kwa mkopo dukani miezi yote ile ungekuwa deni lake sio langu. Hilo lilikuwa linataka karatasi moja na muhuri. Nimelisikia barazani kwa mzee mwenye miaka themanini na kitu, sikulisikia mahakamani.

2. KUMTAFUTA NIMEACHIWA MIE

Alilipa mwezi wa tano na wa sita 2024 kamili. Wa saba akaleta nusu. Baada ya hapo kimya, mpaka naandika barua hii mwezi wa kumi na mbili 2025 ni miezi kumi na saba haijaingia hata shilingi. Pamoja na ile nusu iliyobaki ni shilingi milioni moja na elfu khamsini, na hili sasa ni deni maana kadhi keshalikata.

Nikaomba kukazia hukumu, yani mahakama imlazimishe alipe. Nikaambiwa sawa, lete anapoishi. Nikasema Unguja. Unguja wapi? Shehia gani? Nikauliza ndugu zake wakasema hawajui. Nikatuma mtu, akapata shehia, wito ukapelekwa, ukarudi umeandikwa kahama. Nikapata shehia nyengine, ukarudi tena. Mara ya tatu nikapanda meli mwenyewe, nauli kwenda na kurudi na kula haikupungua elfu themanini, nimelala kwa shoga yangu siku tatu naulizia hotelini mlangoni kama mtu anaedai mume, walinzi wananitazama, mmoja akanambia dada mtu huyo anaingia zamu ya usiku mie sijakwambia. Nikarudi na jina la hoteli nimeliandika. Nikaambiwa jina la hoteli si anuani ya makaazi.

Waheshimiwa, mtu anakatwa mchango wa hifadhi ya jamii kila mwezi, ana akaunti ya benki, laini yake ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole, ana kitambulisho cha Mzanzibari. Kila mtu mwenye haki ya kumjua anamjua. Anaeambiwa amtafute ni mwanamke wa mwani kutoka kisiwa chengine.

Sasa sikilizeni hili, na hili ndio lililonifanya niandike. Wiki moja baada ya Idi el Fitri mwaka huu, naletewa wito. Mtalaka wangu amelalamika kuwa namzuia kuongea na watoto wake kwenye simu. Amelalamika siku ya Jumatatu, wito nimeupata Alkhamisi. Siku nne! Nikavaa baibui nikaenda, na kwenye kiti nimkute nani? Yeye mwenyewe. Amekuja Pemba sikukuu, kanzu imepigwa pasi, simu mbili mkononi, amekaa chini ya feni. Mtu ambae serikali nzima haimuoni miezi minane amekaa pale anakunywa maji ya chupa. Nikatoa nakala ya hukumu kwenye mfuko wangu wa plastiki nikaiweka mezani nikasema jamani huyu hapa, mnamtafuta, basi mpeni wito wake. Nikaambiwa mama hilo ni faili jengine na ofisi nyengine, leo tumekuja kwa suala la simu tu, tusichanganye mambo.

Nikaona mimi ndio nimechanganya mambo. Tukaongea suala la simu dakika arubaini, tukakubaliana Jumatano na Jumamosi baada ya magharibi. Yeye akatoka akapanda bodaboda akaenda bandarini.

Jumatano tatu alipiga. Ya nne hakupiga tena na mwanangu alikaa na simu mpaka isha.

3. HAKI ZA BABA ALIE MBALI

Hapa nataka niseme vizuri nisije nikazuliwa. Mie sisemi asielipa asiwaone watoto. Msaidizi wa sheria alinifahamisha na nikamuelewa, kumuona baba ni haki ya mtoto na kulishwa ni haki ya mtoto, hazibadilishani kama muhogo na dagaa. Hata siku moja sijamfungia mlango. Ile kesi ya simu yenyewe ilikuwa simu yangu imeharibika chaji. Jina lake ndilo wanaloitwa wanangu, na binti akija kuolewa inshaallah yeye ndie walii, hilo simnyang'anyi na sina uwezo wa kumnyang'anya.

Ninachosema ni kuwa haki zake zinakimbia kwa miguu minne na wajibu wake unatambaa.

Na zaidi ya hapo haki hizo zinatumika kama fimbo. 2023 kesi ikiwa katikati mwanangu alitimiza miaka saba. Mnajua kwa Shafii mtoto akifika umri wa kupambanua anaulizwa akae kwa nani. Mtu hajalipa hata kalamu, siku ile ya mwezi wa kumi alipofika akasimama akasema sina pesa ya kulipa lakini chakula kwangu kipo, mnipe mtoto wangu. Na alikuja na baskeli. Mpya, nyekundu, bado imefungwa nailoni kwenye usukani, ameiegemeza nje pale ambapo mtoto anaiona kupitia dirishani. Mwanangu akaulizwa, baba, unataka kukaa kwa nani? Akatazama dirishani. Akatazama chini. Halafu akasema kwa mama, kwa sauti ndogo mpaka akaambiwa aseme tena.

Njiani tunarudi hakusema kitu, mpaka karibu na nyumbani ndio akaniuliza, "Mama, kwani baskeli nayo inakaa kwa baba?" Nikamwambia labda ataileta. Baskeli ilirudi Unguja na meli ya siku ile ile, jirani yetu alikuwemo ndani ya meli kaiona.

Siombi mtu afungwe kwa baskeli. Naomba tu kitu chepesi, mzazi anapokuja kudai kuchukua mtoto katikati ya kesi ya matunzo aulizwe kwanza amelipa nini mpaka leo, na jibu lake liandikwe. Tusianze na mtoto.

4. KIWANGO ANAULIZWA ANAELIPA

"Utaweza shilingi ngapi?" Hivyo ndivyo ilivyoulizwa, na yeye ndie alieulizwa. Akasema thelathini. Nikasema laki. Ikakatwa sitini, kama tunanunua kuku. Hakuna alieitisha karatasi ya mshahara. Elfu sitini kwa watoto wawili ni elfu moja kwa mtoto kwa siku, hapo kuna chai, chakula cha mchana, cha usiku, sabuni, viatu vya skuli, ada ya chuo, dawa. Kilo ya mchele wa mapembe tu nendeni dukani mkaulize.

Na hapa ndio kasoro yetu ilipo. Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania Bara huku kwetu haitumiki, hilo linaeleweka tuna mambo yetu. Tuna Sheria ya Mtoto Nambari 6 ya 2011, tuna Sheria ya Mahakama ya Kadhi Nambari 9 ya 2017 iliyofuta ile ya 1985. Lakini ya 2017 imepanga mahakama, hukumu zenyewe za matunzo hazijaandikwa pahala pamoja zikapewa viwango, kwahiyo kadhi huyu anakata hivi na kadhi yule anakata vile, na mie na mwenzangu wa kijiji cha pili watoto sawa, baba zao mishahara inakaribiana, yeye kakatiwa laki na ishirini. Namshukuru Mungu kwa ajili yake wallahi, lakini si sawa. Aya inasema mwenye wasaa atoe katika wasaa wake, na aliebanwa riziki atoe katika alichopewa. Sasa wasaa wa mtu mtaujuaje bila kuutazama?

5. "SAMEHE"

Hili fupi. Kila nilipokwenda lazima apatikane mmoja wa kunambia bibie samehe utalipwa na Mungu. Mie yangu nshasamehe zamani, eda yangu hakunilisha na nimesamehe. Hizi ni za watoto, sina mamlaka ya kuzisamehe.

Najua kuna watoto wengine wana mashaka zaidi ya wangu, waliozaliwa nje ya ndoa ambao njia yao ni nyengine na sheria yao ni ile ya 2005 ya wari na watoto wa mzazi mmoja. Hao naomba mama zao waandike wenyewe, mie nikiwasemea ntakosea.

Sasa najua mtanijibu nini, maana nshajibiwa.

Mtasema sheria ipo. Ipo, nimeitaja, nakala ya kopi ninayo imejaa mafuta ya taa kwa kusomewa usiku. Sheria ilivyo ni kama mtumbwi mzuri uliopandishwa juu pwani, unapita unausifu, samaki hupati.

Mtasema maofisa ni wachache na hakuna mafuta ya gari. Naamini. Lakini wito wangu mie ulinifika kwa siku nne, kwahiyo siku ile mafuta yalipatikana.

Mtasema akifungwa atalipa nini. Mie sijaomba afungwe, hata kidogo, akifungwa ataacha kazi na mie ntaambiwa nimemfunga baba wa wanangu. Nimeomba akatwe kwenye mshahara kabla haujamfikia, basi. Akikopa benki anakatwa juu kwa juu na hakuna anaesema atakula nini.

Mtasema na mama nae ajishughulishe. Hili hata sitaki kulijibu, njooni bamvua ijayo.

Na kuna wale watakaosema wanawake wengine wanazitumia pesa za watoto kujipamba. Labda wapo. Basi wekeni utaratibu wa risiti, mie ntaleta mpaka ya kiberiti. Mama yangu mzazi ana miaka sabini na mbili, anapata pensheni jamii ya wazee elfu khamsini kwa mwezi, na katika hiyo ndio tunanunulia madaftari ya wajukuu zake. Serikali inampa bibi, bibi anamlea mtoto wa mtu anaelipwa mshahara. Ikiwa mnatafuta pesa za umma zinavyovuja, moja ya tundu ndio hilo.

NINACHOOMBA

Kwanza, kesi ya matunzo ikifunguliwa kadhi akate kiwango cha muda tarehe ya kwanza kabisa, mdaiwa awepo asiwepo, baadae kije kirekebishwe juu au chini wakishasikilizwa wote. Na pale inapofaa mama apewe idhini ya kukopa kwa maandishi. Hili halitaki sheria mpya, linataka waraka mmoja kutoka kwa wakubwa wa mahakama kwenda kwa makadhi wa wilaya zote.

Pili, kumtafuta mdaiwa iwe kazi ya mahakama. Mahakama ya Pemba iandikie ya Unguja, na sheha atakaeandika "kahama" aandike na kahamia wapi, maana mtu hahami shehia bila ya barua ya sheha, au tunadanganyana? Na ofisi yoyote atakayoingia mdaiwa wa matunzo kudai haki yake nyengine, ipewe uwezo wa kumkabidhi wito pale pale. Mkifanya hili moja tu mie ntaona barua hii haikupotea.

Tatu, hukumu ya matunzo iende kwa muajiri, akatwe kila mwezi. Kwa wasio na muajiri, wavuvi, bodaboda, wafanyabiashara, hapo najua ni pagumu zaidi na mie sina jibu kamili, labda kila wiki kwa sheha kidogo kidogo, nyinyi mna wataalamu.

Nne, mwongozo wa viwango. Masheikh wakae na wanasheria na watu wa ustawi, na wanawake wawemo, waandike kitu ambacho mtu wa Micheweni na mtu wa Mkoani watapimwa kwa pishi moja. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto tokea 1991, na kifungu cha 27 kinasema wazi kuwa dola ichukue hatua matunzo yapatikane kutoka kwa wazazi. Imesemwa dola, na mie si dola.

Na la mwisho ni langu mwenyewe. Milioni moja na elfu khamsini. Hoteli anayofanya kazi naijua, zamu yake naijua, nimeiandika kwenye karatasi ya nyuma ya faili langu kwa kalamu nyekundu ili isipotee. Simlaani, na nikisikia anaumwa namuombea kwa sababu wanangu wanamuombea. Bi Hind binti Utba alipomshitakia Mtume (S.A.W.) kuwa mumewe Abu Sufyan mzito wa kutoa hakuambiwa ende wakasuluhishane, aliambiwa chukua katika mali yake kinachokutosha wewe na mwanao kwa wema. Mie mali yenyewe iko benki ya ng'ambo ya bahari, sina mkono wa kuifikia. Mkono huo mnao nyinyi.

Naomba nijibiwe ndani ya siku thelathini, kwa barua, ipitie kwa sheha wangu anajua nyumba. Nikijibiwa ntaandika tena hapa hapa kuwa nimejibiwa, na ntamtaja kwa kheri alienijibu. Nisipojibiwa basi baada ya bamvua ya mwezi ujao ntapanda meli nije nikae nje ya milango yenu na daftari langu, nauli nshaanza kuiweka.

Wabillahi tawfiq.

Mama wa watoto wawili,
Pemba.